Ukuta Uliozaa Mchicha

Nchi ya Takasaya haimo katika ramani yoyote, na wenyeji wake huiona hali hiyo kuwa sifa, kwa kuwa hawakumwomba mchora ramani awaweke popote. Mambo yake tunayajua kwa sababu ya mwanamke mmoja, Bi Somoe wa Kwambe, aliyekwenda huko si kutembea wala kufanya biashara, bali kumpokea mjukuu.

Kwambe ilikuwa nchi ya mtama. Watu wake walilima, wakavuna, wakagombania mipaka ya mashamba, wakapatana, na maisha yakaenda. Kisha ukaja moshi. Ulianza kama ukungu wa asubuhi, ukipita tu. Baadaye ukazoea, ukakaa. Jua likawa kama sahani ya bati iliyochakaa. Mvua zikapungua, mtama ukatoa makapi, na majirani wakaanza kufunga mizigo, nyumba hii leo, nyumba ile kesho. Kila aliyepanda kilimani kutazama moshi ulikotoka aliona upande ule ule: Takasaya.

Chiku, mtoto pekee wa Bi Somoe, alikuwa amekwisha kuingia Takasaya zamani, wakati lango lilipokuwa wazi, akaolewa huko na fundi wa vigae. Sasa alimletea mama yake habari kwamba ana mimba yake ya kwanza. Kwa desturi ya Kwambe, mtoto wa kwanza hupokewa na mikono ya mama wa mama, na mikono mingine yoyote huhesabiwa kuwa ya kuazima. Bi Somoe akafunga mzigo wake, akaufunga mlango wa nyumba, akaishukuru nyumba kwa kumstiri, akaondoka. Safari yenyewe haina la kusimulia: alitembea, akachoka, akafika.

Alichokiona kwanza ni ukuta wa matofali mekundu, mrefu hata ukavunja shingo ya mtazamaji. Cha pili ni bonde dogo lililokuwa chini ya ukuta huo, kwa nje, nalo lilikuwa la kijani kibichi hata macho yake, yaliyozoea vumbi, yakatoa machozi. Mchicha, mnafu, matembele, maboga yaliyotambaa hadi kwenye vizingiti vya vibanda. Katika vibanda hivyo waliishi watu waliokataliwa kuingia.

Langoni palikuwa na kigoda, beseni la maji na mwanamke wa makamo aitwaye Zamoyoni, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaosha miguu wote waingiao.

"Shikamoo, mama. Karibu uketi. Vua viatu."

"Marahaba, mwanangu. Sina viatu. Vilikwisha njiani, nikavishukuru nikaviacha."

Zamoyoni akaziba mdomo kwa kiganja ili asicheke. Akaushika mguu wa kulia wa Bi Somoe, akautia majini, na Bi Somoe akashtuka, kwa kuwa maji yalikuwa ya vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

"Umeyapasha moto! Asante sana, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Zamoyoni akageuka upesi kutazama nyuma, kisha akainama na kunong'ona. "Mama, neno hilo usilitamke huku ndani."

"Neno gani? La Mungu?"

"La kabla yake."

Hivyo ndivyo Bi Somoe alivyoijua sheria ya kwanza ya Takasaya. Sheria hiyo husema kwamba Takasaya haikupewa kitu na yeyote, wakati wowote. Kwa hiyo asemaye "asante" amekiri kwamba amepewa, na akiriye kwamba amepewa ameikana nchi. Mwananchi mwenye adabu, akipewa kitu, husema, "Nilistahili." Naye aliyempa hujibu, "Ulistahili."

"Na wewe, kwa maji haya, niseme nilistahili?" akauliza Bi Somoe.

"Ndiyo, mama."

"Siwezi, mwanangu. Ulimi wangu mzee, hautaki kujifunza utovu wa adabu."

Sheria ya pili ndiyo iliyoliweka beseni pale. Udongo wa kigeni haukuruhusiwa kuingia Takasaya, hata chembe. Zamoyoni alisugua nyayo, akachokoa kucha kwa kijiti, akapitisha kitambaa katikati ya vidole. Vumbi la Kwambe likatoka, na samadi kavu ya njiani, na mbegu zilizojificha katika nyufa za visigino. Maji yakawa ya rangi ya chai. Ndipo akaja mkuu wa lango, Bwana Kondo, mtu mrefu, mnyoofu, mwenye suruali na viatu vyeupe na kioo cha kukuzia. Akachutama, akatazama.

"Bado kuna nchi ya kigeni katika kidole gumba," alisema. "Osha tena."

Akaoshwa tena. Maji yakamwagwa katika tundu lililokuwa chini ya ukuta.

"Yanakwenda wapi hayo?" akauliza Bi Somoe.

"Nje," alisema Bwana Kondo.

"Nje wapi, baba?"

"Nje ni nje, bibi. Sababu ya kuja kwako?"

"Mwanangu anakaribia kujifungua."

"Hiyo si sababu. Hilo ni tukio. Nyingine?"

"Moshi." Akanyoosha kidole juu, ambako mashungi meusi yalikuwa yakivuka ukuta kwa utulivu, yakielekea Kwambe.

Bwana Kondo alitazama juu kwa muda mfupi, kama mtu anayeonyeshwa ndege asiyemjua. "Huo si wetu tena. Ukishavuka ukuta ni wa huko uendako."

Akampa ruhusa ya kungojea kwa mwanawe hadi Baraza la Usafi litakapokaa na kulikata shauri lake. Bi Somoe akamshukuru. Bwana Kondo akajifanya hakusikia, jambo ambalo Bi Somoe aliliona kuwa wema, akamshukuru kimoyomoyo kwa hilo pia.

Chiku alimpokea mama yake kwa kilio cha furaha na tumbo lililomtangulia mlangoni. Nyumba ilikuwa ndogo na safi kupita kiasi. Kila sehemu ya Takasaya ilikuwa imesakafiwa kwa vigae: njia, nyua, viwanja, hata kingo za mto. Udongo wa nchi yenyewe ulikuwa umefunikwa zamani hata watoto wakauogopa. Jani likianguka lilifagiwa na kuchomwa siku ile ile. Mti uliozidi kuangusha majani ulipewa onyo, na usipojirekebisha ulikatwa. Miti mingi haikujirekebisha.

Nyuki walipigwa marufuku, kwa kuwa huingia bila ya kuosha miguu. Lakini maboga machache yaliyopandwa katika mitungi ya serikali yalihitaji mtu wa kuchukua unga wa ua dume na kuufikisha kwa ua jike. Kwa hiyo paliundwa cheo cha Afisa Ndoa wa Maboga. Bi Somoe alimwona asubuhi moja akipita na unyoya, glavu nyeupe na msaidizi wa kumshikia mwavuli.

"Anafunga ndoa ngapi kwa siku?" akamwuliza Chiku.

"Akiwa na afya, chache. Juma hili ana mafua."

"Na boga lenyewe huliwa na nani?"

"Huliwa? Mama, boga hilo huonyeshwa kwenye sikukuu."

"Basi nyinyi mnakula nini?"

Chiku akacheka, akampeleka mama yake ukutani. Juu ya ukuta walikuwa wamejipanga wanawake wa Takasaya, wake wa wakubwa na wake wa mafundi, kila mmoja na kikapu chake na kamba. Vikapu viliteremshwa vitupu upande wa nje. Vilipovutwa vilikuwa vimejaa mboga, na udongo wake umesuuzwa vizuri ili sheria isivunjwe. Hapana aliyetazama chini. Kutazama chini kulihesabiwa kuwa utovu wa heshima. Mboga zenyewe ziliitwa, sokoni na katika hotuba, mazao ya ukuta.

"Mazao ya nini?" akauliza Bi Somoe.

"Ya ukuta, mama. Ukuta huzaa."

Bi Somoe alimtazama mwanawe machoni kwa muda, kuona kama alikuwa akifanya mzaha. Chiku akaona haya, akaangalia kando. "Nimezoea kusema hivyo," alisema.

Kutoka pale juu mtu aliweza kuona mambo yote, kama angependa. Aliweza kuona kijito cha maji ya rangi ya chai kikitoka chini ya lango, kikienea bondeni, na kijani kikikifuata kila kilikokwenda. Aliweza kuona, upande wa ndani, matanuri ya kuchomea matofali ya kuurefusha ukuta, na moshi wake ukipanda. Ukuta ulirefushwa kwa sababu wageni waliongezeka; wageni waliongezeka kwa sababu moshi uliwakausha; na moshi uliongezeka kwa sababu ukuta ulirefushwa. Takasaya ilikuwa na wataalamu wa kila jambo moja kati ya hayo. Mtaalamu wa yote matatu hakuwapo, kwa kuwa afisi zao zilikuwa katika majengo mbalimbali.

Baraza la Usafi likakaa. Spika wake alikuwa Mheshimiwa Mfaume, mzee mnene wa sauti tamu, ambaye alipenda mnafu kuliko nyama na aliyejulikana kwa kutovaa kiatu kimoja siku mbili. Kabla ya shauri la Bi Somoe palikuwa na hoja kubwa ya chakula.

"Waheshimiwa," alisema Spika, "watu wetu wanaongezeka, na ukuta wetu, wenye rutuba tukufu, hauzai vya kutosha. Kwa nini? Kwa sababu ni mfupi! Tukiuinua maradufu utazaa maradufu. Na kwa sababu chini yake wamejibanza watu wanaoikanyaga mizizi yake. Natoa hoja kwamba ukuta uinuliwe, lango lifungwe, na wale watu waondolewe hadi ng'ambo ya kilima."

Mjumbe mmoja wa viti vya nyuma akainua mkono. "Mheshimiwa Spika, ukuta una mizizi?"

"Mjumbe aketi. Kitu kinachozaa kina mizizi."

Wajumbe wakapiga meza kwa furaha. Si kwamba hawakujua. Kila mmoja wao alikuwa amekula mchicha asubuhi ile, na kila mmoja alikuwa na mke, dada au mtumishi aliyekuwa na kamba. Walijua, lakini kujua kulikuwa jambo la nyumbani, nako barazani kulikuja watu wakiwa wamevaa vizuri.

Ndipo Bi Somoe alipoitwa mbele.

"Wewe umekuja kwetu," alisema Spika. "Nani alikualika?"

"Mwanangu, baba. Lakini kabla yake, nyinyi."

"Sisi?"

"Moshi wenu ulifika kwangu kabla ya mimi kufika kwenu. Haukubisha hodi. Hatukuuosha miguu wala hatukuuliza sababu ya kuja kwake. Umekaa kwetu miaka, umekula mtama wetu, na mpaka leo hakuna aliyeukatia shauri. Nilidhani, kwa kuwa wenu yuko kwetu, mmoja wa kwetu angeweza kukaa kwenu kidogo, amshike mjukuu."

Kicheko kimoja kikatoroka mahali fulani katika viti vya nyuma, kikakamatwa. Spika akakohoa.

"Moshi hauna uraia."

"Kweli, baba. Ndiyo maana hausumbuliwi."

"Una la kuongeza?"

"Nina shukrani. Nimelala chini ya paa lenu, mwanangu ananenepa kwa chakula cha huku, na mama wa langoni aliniosha kwa maji ya moto. Asanteni."

Laiti angalitukana! Tusi lingalisahauliwa kabla ya chakula cha mchana. Lakini neno lile, lililosemwa kwa sauti katikati ya Baraza, liliwaduwaza. Wajumbe wengine walitazama dari. Mwandishi wa Baraza akainua kalamu, akaishusha. Spika alitangaza kwamba mgeni ameikashifu nchi kwa kuishukuru, na kwamba ataondoka mara moja pamoja na wale wa bondeni.

Chiku alilia, akamshika mama yake kanzu. "Mama, yamebaki majuma machache. Nani atampokea mtoto?"

"Atapokewa, mwanangu. Zamoyoni ana mikono mizuri, niliiona majini. Nitamwomba."

Langoni, Zamoyoni alimwosha kwa mara ya mwisho, kwa kuwa watokao pia huoshwa, wasije wakachukua udongo wa Takasaya. Miguu haikuwa na kitu. Maji yakabaki kama yalivyokuwa. Zamoyoni aliosha polepole hata hivyo, akaahidi aliloombwa, kisha lango likafungwa, na ukaanza ujenzi.

Sasa tuwafuate waliofukuzwa. Ng'ambo ya kilima palikuwa pakavu, lakini wale watu walikwenda na mbegu katika pindo za nguo zao, na Bi Somoe alikwenda na desturi moja. Kila mkimbizi mpya aliyefika, naye hakukosekana kwa kuwa moshi ulikuwa ukizidi, alimketisha juu ya jiwe, akamwosha miguu kwa maji ya kisima kidogo walichochimba, na maji yale akayamwaga kwenye tuta.

"Bibi, mbona unatuosha kama walivyofanya wale?" aliuliza mtu mmoja mchovu, mwenye hasira ya halali. "Tumekuwa wachafu hata kwako?"

"Wale waliosha ili kuondoa, mwanangu. Mimi naosha ili kupokea. Umetembea nchi nne, na zote umeniletea bure. Nikuache upite nazo?"

Yule mtu akatazama miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, akanyoosha ule wa pili.

Tuta likaota. Mchicha kwanza, kwa kuwa mchicha hauna makuu, kisha mnafu.

Takasaya nako, ukuta ulipanda hadi ukawa na kivuli kilichofika sokoni. Watu wakangoja uzae. Lango lilikuwa limefungwa, miguu haikuoshwa, kijito kikakauka, na bonde lote likageuka rangi ya gunia. Vikapu viliteremka vitupu vikapanda vitupu. Ikatumwa tume. Tume ikashauri kwamba ukuta uoshwe, ukaoshwa. Ikashauri upakwe rangi ya kijani ili upate moyo, ukapakwa. Kisha wananchi waliamriwa kuosha miguu yao wenyewe juu ya lile tundu, nao walitii kwa foleni ndefu. Lakini miguu isiyokanyaga ila vigae haina cha kutoa, na maji yakatoka safi kama yalivyoingia. Mwishowe Baraza liliutia ukuta hatiani kwa uvivu, likaunyang'anya heshima ya kuimbiwa siku ya sikukuu.

Mtoto wa Chiku alizaliwa katika siku hizo za vikapu vitupu. Alikuwa wa kike, na mikono ya Zamoyoni ndiyo iliyompokea. Asubuhi iliyofuata Zamoyoni, ambaye hakuwa tena na wa kumwosha lakini aliendelea kupasha maji kila siku kwa mazoea, alipanda juu ya ukuta na kupaza sauti kuelekea kilimani, bila kujua kama kuna anayesikia.

"Bi Somoe-e-e! Amezaliwa! Ni wa kike! Mama mzima, lakini maziwa ni haba!"

Sauti ilimkuta mtoto wa mbuzi, ikamkuta mchungaji wake, naye akaifikisha. Bi Somoe alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, akashukuru kwa sauti hata watu wakajua kumetokea nini bila ya kuambiwa. Kisha akaingia tutani, akachuma mchicha na mnafu, akafunga fungu, akavuka kilima peke yake hadi chini ya ukuta. Kamba ya Zamoyoni ikashuka. Akafunga fungu, akavuta kamba kidogo kuashiria, likapanda.

Alifanya hivyo kila asubuhi. Chiku akala, maziwa yakaja. Bi Somoe alisimama chini ya ule ukuta mkubwa, akitega sikio, na siku moja moja, upepo ukiwa mwema, alimsikia mtoto akilia upande wa pili. Hakujua hata sura yake. Akashukuru kwa sauti ya kilio, akarudi tutani.

Jambo la kila siku huonekana. Mlinzi mmoja aliona fungu la mchicha likijitokeza ukingoni mwa ukuta, asubuhi baada ya asubuhi, mahali palepale. Akatoa taarifa. Habari ikaenea Takasaya kama moto: ukuta umejirekebisha! Umeanza kuzaa! Baraza likaahirisha mambo mengine, likatangaza sherehe. Wajumbe wote, wakiwa na kofia zao, wakapanda ngazi ndefu hadi juu, tarumbeta zikapigwa, na Mheshimiwa Mfaume mwenyewe, aliyekuwa amekonda kwa kukosa mnafu, akaomba heshima ya kuvuta.

Zamoyoni alimpa kamba.

Spika akavuta. Fungu likapanda, bichi, likimeremeta kwa matone. Akalinyanyua juu, watu wakashangilia, na katika furaha ile akasahau adabu: alitazama chini. Wajumbe wote, kwa kumfuata Spika wao kama ilivyo kanuni, wakatazama chini nao.

Chini alikuwapo mwanamke mzee, peku, mwenye tope hadi vifundoni, amekinga mkono wake juu ya macho.

"Asante kwa kuvuta, baba," alisema Bi Somoe. "Leo mkono umekuwa na nguvu. Mama Zamoyoni haumwi?"

Tarumbeta zikafa moja moja. Ya mwisho ilitoa sauti ya aibu, kama mtu aliyekohoa msibani.

"Bibi," alisema Spika, na ile sauti tamu ilikuwa imekwaruza, "unafanya nini katika ukuta wetu?"

"Nampelekea mwanangu mboga. Ananyonyesha."

Kila mmoja wao alikuwa akijua tangu zamani, lakini hawakuwahi kujua kwa pamoja, mahali pamoja, mchana kweupe, huku wakitazamana. Yule mjumbe wa viti vya nyuma alivua kofia yake. Hakuna aliyemwambia aketi. Spika alikuwa ameushika mchicha kwa mikono miwili, na mate yalimjaa kinywani, na ilimbidi ayameze mbele ya taifa zima.

Bwana Kondo ndiye aliyesogea kwanza. Alishuka ngazi zote, akakizungusha kitasa kilichoanza kushika kutu, akalisukuma lango kwa bega.

"Nani ameagiza?" alipaza sauti mlinzi mmoja.

"Mke wangu," alijibu Bwana Kondo. "Mwezi mzima hatujala mboga."

Bi Somoe akaingia. Zamoyoni alikuwa amekwisha kushuka, na beseni lilikuwa tayari, likitoa mvuke. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu maji yale hayakupashwa bure. Bi Somoe akaketi kwenye kigoda, akanyoosha miguu. Udongo wa tuta ukatoka, wa nchi nyingi, na Zamoyoni akaosha huku akilia na kucheka. Maji yalipokuwa mekundu alilinyanyua beseni, akaelekea kwenye tundu kwa mazoea, akasita.

"Lete huku," alisema Bwana Kondo.

Alipiga magoti uani kwa ile suruali yake nyeupe, akatia ncha ya ufunguo wa lango katikati ya vigae viwili, akakibandua kimoja. Chini yake palikuwa na udongo, wa kijivu, umekauka, wa Takasaya yenyewe. Watu walisogea kuutazama. Wengi hawakuwahi kuuona. Zamoyoni akamwaga polepole, na ule udongo ukanywa kwa sauti.

Chiku akapenya katikati ya umati akiwa na mtoto, hakumngoja mtu kumpa ruhusa, akamweka mapajani mwa mama yake. Bi Somoe akamtazama: paji pana la marehemu babu yake, na kinywa kilichokuwa tayari kudai.

"Anaitwa nani?"

"Tulikungoja wewe, mama."

Bi Somoe akamshika vidole vya mguu, vidogo, visivyokanyaga popote bado. Akachovya kidole chake katika ule udongo uliolowa, akampaka wayo mmoja, taratibu. Bwana Kondo aliona. Kioo chake cha kukuzia kilikuwa kinaning'inia kifuani. Hakukigusa.

Isidhaniwe kwamba mambo yote yalinyooka siku ile. Baraza lingali likijadili mazao yale yaitwe nini. Matanuri yamepunguzwa, hayajazimwa, na moshi unaobaki sasa una mjumbe wa kuusemea na kujibu maswali ya Kwambe. Afisa Ndoa wa Maboga amestaafu kwa heshima, na nyuki wanafanya kazi yake bila ya mwavuli. Lango hufunguliwa asubuhi. Wanaoingia huoshwa kwa maji ya moto, na maji huchukuliwa kwenda mahali penye kigae kilichobanduliwa. Navyo vimekuwa vingi, kwa kuwa mume wa Chiku, fundi wa vigae, amegundua kwamba kubandua kuna kazi nyingi kuliko kubandika.

Lakini siku ile yenyewe iliishia hivi. Bi Somoe alipoinuka na mjukuu wake begani, alimkuta Mheshimiwa Mfaume amesimama mbele yake, na ule mchicha bado mikononi. Alikuwa ameukumbatia hata ukamlowesha kifua. Alimpa Bi Somoe fungu lile. Naye akaligawa, akachukua nusu ya Chiku, akamrudishia nusu nyingine.

Spika akafungua kinywa kusema lile analolisema mwananchi mwenye adabu. Halikutoka. Akajaribu tena, na midomo yake ikahangaika kama ya mtoto anayejifunza herufi. Watu walinyamaza wote, na kimya kile kilikuwa cha kumsaidia, si cha kumcheka.

"Asante," alisema.

"Karibu, baba," alijibu Bi Somoe. "Mnafu uko chini ya fungu. Usiuchemshe sana."